Shati la Bwana Harusi

Dobi aliposikia gari la shemeji yake likikata kona, alisimama kando ya kamba yake ya kuanikia, vibanio mkononi, na hakusogea.

Kila asubuhi shemeji alipita mbio kwenye barabara ya vumbi iliyopita kando ya kamba, na dobi akafua upya nguo zilizochafuka. Akilalamika, jibu lilikuwa lile lile: "Mafuta nanunua mwenyewe, shemeji. Nani ananidai?"

Leo kambani palikuwa na shati moja tu, jeupe pepepe: la shemeji mwenyewe, la kufungia ndoa mchana huo. Angeweza kulianua. Mikono ilimwasha. Akaiacha iwashe.

Gari likapita, kisha likafunga breki. Vumbi likapanda, likatua taratibu kwenye kola, kwenye mabega, hadi kwenye matundu ya vifungo.

Shemeji akashuka. Akalitazama shati, akalitazama gari. "Hilo si langu?"

"Lako. Na vumbi lako." Dobi akamsukumia beseni kwa mguu. "Sabuni hiyo hapo. Mimi leo ni mwalikwa."

Bwana harusi akakunja mikono ya nguo, akafikicha kola mpaka jasho likamtoka, akalianika shati kama anayelaza mtoto.

Ndipo lori likanguruma kwenye kona.

Dobi alipogeuka, shemeji yake alikuwa tayari katikati ya barabara, mikono ameitanua, povu likimchuruzika viwikoni.

"Polepole, ndugu yangu," alikuwa akimsihi dereva. "Huku watu tumefua."