Usukani wa Lukindo

Kilichobaki kilikuwa usukani tu. Senkoro alikuwa amelifufua gari la zamani la mashindano kwa vipuri vyake halisi, na sasa alikuwa amechoka kuuziwa sukani feki zinazoitwa orijino. Hatimaye alielekezwa kwa Mama Namkunda, mjane wa Lukindo, aliyekuwa dereva wa gari hilo.

Mama akampeleka nyuma ya nyumba. Kwenye kaburi la mumewe, mahali ambapo wengine husimika msalaba, ulisimama usukani wa mbao.

“Ndio wenyewe, mama,” alisema Senkoro kwa sauti ndogo.

“Aliomba awekewe hapo. Ung'oe, baba, kama mkono wako utakubali.”

Akapiga magoti na spana yake. Alipoushika, usukani ulikuwa na joto la jua. Ukazunguka wenyewe taratibu, kuelekea nyumba ya Lukindo. Senkoro akairudisha spana mfukoni.