Mstari Usioinuka

"Penseli isiinuke, na macho yasishuke kwenye karatasi," alisema Mwalimu Tabia. "Ufuate uso wa mwenzio ukingo kwa ukingo, mstari mmoja tu."

Kwa mwalimu rahisi, maana yeye hakupangiwa kumchora Chausiku. Aliyepangiwa ni Subira, na huyo Chausiku kazi yake kupiga wenzake nyuma ya vyoo.

"Nichore vibaya uone, we kijiti," Chausiku alinong'ona.

 Subira alianzia kwenye paji, akashuka puani, na pua akaihisi kabisa ikihamia sikioni kama mpangaji. Akafika jichoni. Sasa mdomoni atafikaje bila kuinua penseli? Akaiburuta juu ya shavu mpaka mdomoni, akapanda hadi jicho la pili, akateremka tena mpaka kidevuni.

Chausiku akampokonya karatasi. Subira akajikunyata, mikono kichwani, akingoja kofi.

Kofi halikuja. Alipochungulia, alimwona Chausiku ameukodolea macho uso ule wenye michirizi miwili iliyotoka machoni kama machozi.

"Nani kakwambia?" Chausiku aliuliza, kwa sauti ndogo ya mtoto wa chekechea.

Subira akashusha mkono mmoja kutoka kichwani, akaielekezea kidole penseli.