Jogoo wa Siham

Jogoo alikaa chini ya tenga nyuma ya jiko, mbali na banda, na Mwantum hakutaka kusikia habari ya kumtoa.

Siham, mkwe wake, ndiye aliyemleta kutoka kwao Matwebe wiki ile alipoolewa na Khalidi. Zawadi ya mama yake. Siham alisema jogoo amechanjwa, aingie tu na wenzake. Mwantum alijibu kwamba atakaa peke yake mpaka aonekane hana ugonjwa. Kuku wale aliwalea tangu alipofiwa na mume, hakuhitaji kufundishwa.

Kila asubuhi jirani yake Elina alipita, jembe begani, viatu vimejaa udongo mbichi. Aliingia bandani moja kwa moja, akafagia, akabadilisha maji, hata mvua ikinyesha. Siku hizo alikuwa mkimya, lakini ushauri hakunyima: jogoo atiwe bandani gizani kuku wakiwa wamelala, waamke wakute ni mwenzao.

Siku chache zilipopita bila jogoo kuugua, wakafanya hivyo. Kulipokucha tetea mmoja alimdonoa kidogo, basi. Mwantum alicheka, akamwita Siham mwanangu kwa mara ya kwanza.

Furaha haikumaliza wiki. Tetea wa kwanza alizubaa pembeni, mbawa zimelegea, anaharisha kijani. Wa pili akapinda shingo. Kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoambukiza upesi. Wakafa wote, hata vifaranga. Akabaki jogoo peke yake, mzima, anawika juu ya banda tupu.

"Mama, yeye alichanjwa," Siham alisema. "Ndiyo maana hajafa."

"Hajafa kwa sababu ndiye aliyeuleta," Mwantum alisema. "Wewe na mama yako mmeniingizia mkosi humu ndani."

Jogoo alichinjwa siku hiyo hiyo, akafukiwa bila mtu kuigusa nyama yake. Maneno hayakuishia hapo. Sufuria ikiungua, mkosi wa Siham. Mteja akipita dukani kwa Khalidi bila kununua, mkosi wa Siham. Khalidi alimtetea mkewe mpaka mama yake alipoapa kutokula tena chakula cha nyumba ile. Ndipo akatoa talaka. Siham akarudi Matwebe kwa bodaboda, begi mapajani, na kule nyumbani Ibighi Mwantum akala ugali wake akashiba.

Jioni hiyo Elina alikuja kumpa pole ya kuku. Mwantum akamwambia kwamba angalau aliyewaua ameshaondoka, na sasa atalala usingizi.

Elina alikuwa akitazama lile banda.

"Uchungu wako naujua, Mama Khalidi," alisema. "Kuku wangu walianza kufa kabla hata huyo binti hajaolewa. Kila asubuhi nilikuwa nikifukia wawili, watatu, ndipo nakuja kwako kuwashikashika wako, nipoze roho."