Nyumba Yenye Mapaa Mawili

Kila mtaa unatengeneza dawa yake ya ugonjwa wa selimundu, na dawa hiyo hubebwa hadi kwenye damu na kirusi kisichoweza kuzaliana. Maelekezo ya kijenetiki ya kukiunda yamegawanywa katika vichupa vitatu, na sheria inasema viwili visilale chini ya paa moja, ili mtu mmoja asiweze kukiunda peke yake. Mimi natunza kichupa cha ganda la kirusi, Hemedi cha injini yake, yaani sehemu inayokizalisha. Tulipooana, Bwana Kitundu wa ukaguzi alitaka mmoja wetu arudishe chake. Mtunzaji mpya hupatikana baada ya mwaka, na mtaani kwetu watoto saba wanaingojea dawa.

Hatukurudisha. Hemedi alipanda juu akakata mabati katikati ya chumba, ukuta hadi ukuta.

"Wenzenu wanajenga, nyie mnabomoa!" jirani yetu Mama Tausi alicheka.

Friji ya kichupa changu iko kushoto, ya Hemedi iko kulia. Mvua inaingia katikati, karibu na kitanda.

Leo Bwana Kitundu amekuja na futi, akapima pengo.

"Binti, unanichezea?"

Mimi huongea nikiangalia sakafu. Leo nimemwangalia usoni.

"Sheria inasema paa moja, baba. Hapa yapo mawili. Hesabu."

Akatazama tumbo langu.

"Na huyo atalala chini ya lipi?"

Nikasogeza beseni panapovuja.

"Popote atakapopenda. Yeye si kichupa."

Ameandika mengi kwenye daftari lake, wala hajanisomea. Nami sijamkaribisha kiti.