Jino Ambalo Ngiri Hakuwahi Kuwa Nalo

Ngiri alikwenda kwa Nyani, daktari wa meno, akiumwa jino la nyuma. Nyani akamnusisha majani ya usingizi. Alipozinduka, jino bovu lilikuwa palepale, ila jino lake refu la mbele halipo.

"Daktari, umeng'oa lisilouma!"

"Lilioza kwa ndani, bwana. Wewe ungelionaje?"

Ngiri, mbishi tangu utotoni, akaenda kumshtaki kwenye Baraza la Matabibu. Mwenyekiti alikuwa Fisi mzee, ambaye mwaka jana tu alikuwa kibogoyo wa kunywa uji.

"Hilo ni kosa kubwa, mwanangu," alisema Fisi. "Leo hii tunamfutia leseni. Jino lenyewe lina alama?"

"Limemeguka ncha, mheshimiwa. Niligonga jiwe nikichimba mizizi."

Fisi akacheka kicheko chake cha siku zote, kinywa wazi mpaka kooni. Kilijaa meno ya kila mnyama, na la mbele kabisa lilikuwa limemeguka ncha.

"Una hakika unalikumbuka?" akauliza kwa upole. Mlangoni, Nyani alikuwa akifuta koleo.

Ngiri akapitisha ulimi kwenye meno yaliyobaki.

"Samahani, mheshimiwa. Jino hilo nilizaliwa sinalo."