Upande wa Kulia

Kengele ya mapumziko ilipolia, Pamba alijitupa chini ya meza ya mwalimu, akaziba masikio, akaanza kugonga kichwa kwenye mguu wa meza. Mwalimu aliponiita shuleni, nilimkuta bado anagonga.

"Mama Pamba, mimi nimefika mwisho," mwalimu alisema. "Wenzake wote wameshaizoea. Yeye kila siku ni kama anaisikia leo."

Ningemjibu nini? Kwamba mwanangu alizaliwa njiti, kabla ya miezi kutimia, mwepesi hata wauguzi wakamwita Pamba, na kwamba kengele za mashine za wodini ndizo zilizomlea?

Nikaingia chini ya meza. Nilifungua vifungo vya blauzi, nikamvuta kifuani, nikamfunga kwa mtandio kama tulivyofundishwa wodini, ngozi kwa ngozi, ingawa sasa ana miaka saba na miguu imenipita magotini.

Akatulia. Kisha akaanza kujivuta taratibu upande wa kushoto, mpaka shavu likakaa juu ya moyo wangu.

"Rudi katikati, mwanangu, utaanguka."

"Sitaki. Nitambana."

"Utambana nani?" mwalimu aliuliza, akiinama.

Kiganja cha Pamba kilikuwa kinapapasa upande wangu wa kulia, ule mtupu, polepole, kama anayembembeleza mtu.

Wodini nilifungiwa mapacha wawili kifuani, Pamba kushoto, mwenzake kulia. Nyumbani nilirudi na mmoja, na habari za mwenzake hatukuwahi kumwambia.

Kiganja kikasimama. Akainua uso.

"Mama, mbona yeye kengele haimwamshi?"