Shangazi Lazima Awe Namba

Saa moja na robo asubuhi, programu ilikataa katakata kumhesabu shangazi.

Maandishi mekundu yalijipanga kwenye skrini, mstari chini ya mstari, yote yakisema jambo lile lile: shangazi si namba. Desimali aliyasoma hadi mstari wa mwisho, kama alivyowafundisha wanafunzi wake chuoni. Nyumbani walimbandika jina hilo kwa sababu tangu utotoni hakukubali kitu chochote kiwe "karibu sawa" na kingine.

Kando yake, mdogo wake, bibi harusi mtarajiwa, alikuwa akitafuna kucha.

"Dada, imekubali?"

"Bado."

"Saa saba wageni wanafika kula. Baba mkwe kasema, vurugu nyingine kama za siku ya utambulisho, hakuna ndoa. Na alisema huku anajipangusa mchuzi."

Tatizo lilikuwa mashangazi wawili. Kila mmoja peke yake alikuwa mtu na heshima zake. Wakikaribiana, vyombo huvunjika. Wahenga walisema mafahari wawili hawakai zizi moja, lakini hawakusema wakae umbali gani. Pengo hilo ndilo Desimali aliloazimia kuliziba.

Fomula yake ilikuwa wazi. Chukua wageni wawili wawili, gawanya chuki yao kwa umbali wa viti vyao, kisha jumlisha kwa vipande vidogo vidogo vya muda, toka kijiko cha kwanza hadi cha mwisho, maana chuki hupanda chakula kinapochelewa na kushuka sahani zikijaa. Jumla hiyo ndiyo ugomvi wa mlo mzima. Kazi ya programu ilikuwa kuvihamisha viti mpaka jumla iwe ndogo kuliko zote.

Viwango vya chuki alivikusanya kwa simu.

"Andika kumi na tano," alisema Shangazi Mkubwa.

"Mwisho ni kumi, shangazi."

"Basi andika kumi, halafu pigia mstari."

Shangazi Mdogo alikuwa mpole zaidi. "Mimi sina chuki na mtu, mwanangu. Yule kasema ngapi?"

"Kumi."

"Niandikie kumi na moja."

Wote wawili walimalizia kwa maneno yale yale: "Na hizo akili za hesabu umerithi kwangu, siyo kwa yule." Desimali hakuyaandika. Madai mawili yanayopingana, tena yasiyo na kipimo, hayaingii kwenye fomula.

Hatimaye kosa likaonekana. Programu ilikuwa inakurupuka: ilijaribu kukokotoa jumla kabla viti havijapewa mahali, shangazi akiwa bado herufi tupu. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa amri: usiguse hesabu hii mpaka uletewe namba.

"Shangazi lazima awe namba kwanza," Desimali alisema kwa sauti.

Mama yao, aliyekuwa anapita na vitambaa vya meza, akasimama. "Namba? Wifi zangu wakusikie, tutazikana humu ndani."

"Wakiwa herufi haifanyi kazi, mama."

"Haya, wafanye namba. Lakini yule mkubwa umpe namba kubwa."

Maandishi mekundu yakapungua hadi ukabaki mstari mmoja. Mgeni wa mwisho kwenye safu alikuwa bado herufi. Desimali akakagua viwango vyake: sifuri kila mahali. Hakuwa na chuki na mtu, wala hakuna aliyekuwa na chuki naye. Mgeni wa namna hiyo haongezi kitu kwenye jumla. Akaifuta herufi.

Programu ikakimbia bila kunung'unika na kutoa ramani. Desimali hakuishia hapo. Programu hizi zina tabia ya kutulia kwenye jumla ndogo ya kwanza, kama maji bondeni, zikidhani ndiyo ndogo kuliko zote. Akaanzisha hesabu upya viti vikiwa pembe nyingine za ukumbi, tena na tena. Jibu likawa lile lile, hadi desimali ya mwisho.

Ukumbini, mpangaji viti alifuata ramani kwa futi kamba. Alipomaliza akakuna kichwa.

"Mwalimu, kimebaki kiti kimoja."

"Kitoe nje."

"Una uhakika?"

"Ramani haina kiti hicho."

Wageni wakafika, wakaketi walikoelekezwa. Shangazi Mkubwa alikuwa chini ya dirisha, Shangazi Mdogo karibu na mlango wa jikoni, na katikati yao nguzo na mjomba asiyesikia vizuri. Sahani zikaja. Shangazi Mkubwa akaisifu supu. Shangazi Mdogo, ambaye hakuona ni nani aliyesifu, akasema ni kweli. Baba mkwe akafungua kifungo cha koti na kucheka hadi mabega yakatikisika. Bibi harusi akatoa vidole mdomoni.

Desimali alisimama katikati ya ukumbi, ramani mkononi. Ugomvi uliotabiriwa: karibu sifuri. Ugomvi uliopatikana: sifuri. Kwa mara ya kwanza maishani, akaliachia neno "karibu" lipite.

"Dada," mdogo wake akaita kutoka meza kuu, "mbona umesimama? Kiti chako kiko wapi?"

Desimali akaitazama ramani.

Viti viwili vikasukumwa nyuma kwa mpigo mmoja, kimoja dirishani, kingine kwenye mlango wa jikoni.

"Njoo ukae kwangu, mwanangu," wakasema mashangazi wote wawili.

Saa nane kasorobo, jagi la kwanza lilipita kando ya sikio la Desimali na kutua mapajani mwa baba mkwe.